Ulinganisho: Ctrl ihamie Caps Lock, au ibadilishane na Alt ya kushoto?

mchapaji_moro: Wakuu, naomba tulinganishe njia hizi mbili za kukipumzisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mashine ni laptop ya Windows 11, kazi ni kuchapa Kiswahili kutwa nzima. Na programu ipi inafaa?

fundi_vitufe: Caps Lock inasifiwa kila mahali, lakini kwa Kiswahili siishauri. Chukua "wanafunzi wanakaa darasani": herufi 24, na A ni 9. Zote ni za kidole hichohicho cha mwisho, ambacho pia ndicho chenye Tab na Shift. Ukiiweka Ctrl kwenye Caps Lock, kidole hakinyooki sana, ila mzigo haujapungua. Gumba la kushoto kazi yake ni spesi tu, na wengi hata hiyo huipiga kwa gumba la kulia. Lipe Ctrl. Gumba likiwa kwenye Alt, vidole vingine vinazifikia C na V bila kiganja kusogea. Kuhamia Colemak au Dvorak, mipangilio mingine ya herufi za kibodi, hakutatui hili, maana zote mbili zimeiacha A palepale.

salma_it: Naunga mkono. Kwa programu:

PowerToys (zana za ziada za Microsoft kwa Windows): fungua Keyboard Manager, weka Alt (Left) iwe Ctrl (Left), kisha mstari wa pili Ctrl (Left) iwe Alt (Left). Ukiuacha mstari wa pili utaonywa kuwa kuna kitufe kimebaki bila mahali. Inafanya kazi ikiwa imewashwa tu, kwa hiyo kwenye skrini ya kuingia vitufe ni vya zamani. Programu iliyofunguliwa kwa haki za admin nayo haiyaoni mabadiliko, mpaka PowerToys yenyewe iendeshwe kwa haki hizo.

SharpKeys: inaandika kwenye rejistri ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo. Msimbo wa Alt ya kushoto ni 00_38, wa Ctrl ya kushoto ni 00_1D; zielekeze kila moja kwa mwenzake, bofya Write to Registry, washa mashine upya. Hakuna kinachobaki kikiendeshwa nyuma, na hapo ndipo inapoizidi PowerToys. Lakini inataka admin, na inabadili kibodi zote kwa watumiaji wote wa mashine hiyo. Kompyuta ya kuchangia, tumia PowerToys. Ya peke yako, SharpKeys.

Kwa zote mbili, kubadili madirisha kwa Alt+Tab sasa utabonyeza kitufe kilichoandikwa Ctrl. Mwanzoni hilo ndilo linalokera.

penguin_tanga: Walio Linux watumie keyd, programu ya kubadili kazi za vitufe. Ndani ya /etc/keyd/default.conf:

```
[ids]
*
[main]
leftalt = layer(control)
leftcontrol = layer(alt)
```

Kisha `sudo keyd reload`. Inafanya kazi kwenye X11 na Wayland (mifumo miwili ya kuonyesha madirisha), na hata terminali tupu. setxkbmap, amri nyingine ya kubadili vitufe, ni ya X11 pekee. Ukikosea faili ukajifungia nje, bonyeza Backspace, Escape na Enter kwa pamoja: keyd inazimika.

mchapaji_moro: Asanteni. Vipi kuifanya A yenyewe iwe Ctrl ikishikiliwa, kama wanavyofanya wanaotumia kanata, programu nyingine ya kubadili vitufe?

fundi_vitufe: Kwa Kiswahili usifanye, mkuu. Ukichapa "ana" kwa kasi, N hushuka kabla A haijaachiwa. Kwa mpangilio wa tap-hold-press (kitufe huhesabiwa kimeshikiliwa mara tu kingine kikibonyezwa) kanata itaisoma kama Ctrl+N, na dirisha jipya linafunguka katikati ya sentensi. Ukiongeza muda wa kusubiri hausaidii, kwani kinachoamua hapo ni kule kubonyezwa kwa kitufe cha pili. Kama lazima, kazi ya kushikilia ipe Caps Lock, ambayo haimo ndani ya maneno.

salma_it: Kabla ya yote, angalia kibodi iliyochaguliwa. Ikiwa United States-International, alama ya ' husubiri irabu, na "ng'ombe" hutoka "ngómbe". Nenda Settings, Time & language, Language & region, fungua chaguo za lugha yako, ongeza kibodi ya US, kisha futa ile ya International. Ukiiacha, Windows inaweza kuirudia ukibonyeza Windows+Space bila kukusudia.