Wanataka haki za mwajiri bila kulipa mshahara: wateja wa uandishi kivuli mmenichosha

Wakuu, habari zenu. Salamu leo ni fupi kwa sababu nina hasira, na nikisubiri zipoe sitaandika tena.

Huu uzi ni wa wale wanaotafuta watu mtandaoni wa kuwaandikia vitabu, makala, hotuba na machapisho ya kila siku, halafu jina likae lao. Kazi hiyo ndiyo ninayoishi nayo tangu niache ajira. Nisieleweke vibaya: jina langu kutoonekana hakuninyimi usingizi. Kuna watu wana mambo mazito ya kusema na hawajaliwa kuandika, na mimi naipenda kazi ya kumsikiliza mtu mpaka nikaanza kuandika kwa sauti yake. Kinachoniudhi ni masharti. Mteja anataka kunimiliki kama mwajiri, lakini likija suala la kulipa ananigeuka na kuniambia mimi ni mtu wa kujitegemea.

Nilipokuwa kazini, kila nilichoandika kilikuwa cha ofisi. Ripoti, taarifa kwa vyombo vya habari, hotuba za bosi. Bosi alisimama jukwaani akasoma sentensi zangu neno kwa neno, ukumbi ukampigia makofi, na mimi nikapiga. Sikudai chochote, maana mshahara uliingia hata mwezi nilioumwa, hata mwezi ambao hotuba yenyewe ilifutwa dakika ya mwisho. Kulikuwa na likizo ya malipo, bima, michango ya pensheni, kompyuta ya ofisi, na watu wa uhasibu ambao kuwafukuzia wadaiwa ilikuwa kazi yao, si yangu. Wao walichukua maandishi yote, na hasara zote zikawa zao pia. Hayo ni mapatano ninayoyaelewa.

Sheria nayo inayatenganisha haya mawili. Uingereza, kwa sheria yao ya hakimiliki ya 1988, anachoandika mwajiriwa akiwa kazini ni mali ya mwajiri moja kwa moja. Asiye mwajiriwa anabaki mwenye hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi na kutia saini. Marekani, kwa sheria yao ya 1976, ni karibu hivyo hivyo: kwa asiyeajiriwa, umiliki hauhami kwa maneno ya simu wala kwa “tumeelewana”. Lazima pawe na karatasi yenye saini ya mwenye haki. Kwa hiyo mkataba anaokutumia mteja si kikaratasi cha kutimiza utaratibu tu. Ndiyo njia pekee ya yeye kuipata mali ambayo bila saini yako si yake.

Sasa soma wanachotuletea. “Kila kitakachoandikwa ni mali ya mteja tangu kinapoandikwa.” Tangu kinapoandikwa, jamani, si tangu kinapolipiwa! Pamoja na rasimu alizozikataa. Chini yake: mwandishi hatataja kazi hii popote, kwa yeyote, milele. Chini yake tena: marekebisho yatafanyika mpaka mteja aridhike. Na malipo? Baada ya kuridhika. Yaani mali inahama leo, mdomo unafungwa leo, na pesa itakuja siku ambayo moyo wa mtu mwingine utaamua.

Niwape kisa. Simtaji mtu, sitaji kazi, sitaji hata mada, maana huo mkataba wa usiri bado unanibana. Mteja alitaka kitabu cha maisha yake. Tukapatana malipo kwa awamu: ya kwanza kabla ya kuanza, ya pili nikikabidhi nusu ya muswada, ya mwisho kitabu kikikamilika. Ya kwanza alilipa bila tatizo, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhusha ngao.

Ambao hamjafanya kazi hii hamjui kilichomo. Mnadhani ni kuchapa. Kwanza ni mahojiano. Mtu anasimulia kwa kuzunguka, anaruka miaka, anarudi, anajipinga, kuna jambo analikwepa kila mkilikaribia na unajua ndilo lenye kitabu. Kisha unakaa na rekodi kuzigeuza maandishi, na saa moja ya maongezi hula saa kadhaa za kusikiliza na kurudisha nyuma. Kisha unapanga: kipi kianze, kipi kifichwe hadi sura ya katikati, tarehe gani haziwezi kuwa za kweli zote mbili. Unampigia tena, anaudhika kwa nini unamhoji kama polisi. Ukishamaliza hayo yote ndipo unaandika sentensi ya kwanza, na haitakiwi kuwa yako, inatakiwa iwe yake kama angekuwa anajua kuandika. Hesabu ya malipo kwa neno haina mahali pa kuweka kazi hiyo. Inahesabu maneno yaliyobaki mwishoni tu.

Nikakabidhi nusu ya muswada. Kimya. Nikakumbusha kwa adabu. Kimya. Baadaye ukaja ujumbe mfupi: ameamua kuusimamisha mradi kwa muda, hali si nzuri, tutawasiliana. Malipo ya awamu ya pili hayakutajwa hata kwa mbali. Muda haukupita sana nikaanza kuona sura zangu zikitoka kipande kipande kwenye kurasa zake, wafuasi wake wakimwandikia kwamba hawakujua ana kipaji cha kuandika namna ile. Nikamwandikia kuuliza. Unajua alinijibu nini? Alininakilia kifungu cha usiri. Kwamba nikisema neno popote, tutaonana mahakamani.

Kifungu ambacho niliambiwa ni cha kulinda heshima yake kimegeuka kuwa silaha ya kutolipa deni. Fundi asipolipwa anaweza kuonyesha ukuta aliojenga na jirani wakaushuhudia. Mimi nikisema “hayo ni maneno yangu” nimevunja mkataba, na nikinyamaza hakuna deni. Kama kuna aliyeketi akabuni njia ya kumdhulumu mtu bila ushahidi, asingebuni nzuri kuliko hii.

Halafu unakwenda kwa mteja mwingine, naye swali lake la kwanza: nionyeshe vitabu ulivyoandika. Nawaelewa, kila mtu anataka kujua anampa nani pesa. Lakini wewe unayetaka nikuapie usiri wa milele unanitaka nivunje usiri wa mwenzako ili nikuthibitishie kwamba naweza kutunza wako? Nilipomweleza mmoja hivyo akahitimisha kwamba basi sina uzoefu. Matokeo yake ni kwamba uandishi kivuli haujengi jina kama kazi nyingine. Ukimaliza kitabu unarudi mwanzo wa foleni, na hapo ndipo wanapokuletea “jaribio”: andika sura moja bure, tukiipenda tutakupa kazi. Mtu anayekusanya sura moja bure kutoka kwa kila mwombaji anajua anachokifanya, msimtafutie udhuru.

Malalamiko haya hayakuanza na intaneti. Auguste Maquet aliandika riwaya bega kwa bega na mwandishi maarufu Alexandre Dumas huko Ufaransa, vitabu vikatoka kwa jina la Dumas, mwishowe wakafikishana mahakamani miaka ya 1850. Maquet akapata haki ya pesa, jina akalikosa. Leo sheria ya Ufaransa inasema haki ya mwandishi kutambuliwa kwa jina lake haiwezi kuuzwa wala kuondolewa. Uingereza haki hiyo unaweza kuiacha kwa kusaini. Nayataja haya kwa sababu kuna wateja wanaodhani kuficha jina la mwandishi ni jambo dogo linalokuja na bei ya kazi kama mfuko unavyokuja na bidhaa. Kama ni kitu ambacho nchi nzima imekataa kisiuzwe, na nchi nyingine inadai kiachwe kwa maandishi, basi kina thamani. Kilipieni! Bei ya kuandika ni moja, bei ya kunyamaza ni nyingine, na bei ya kuhamisha hakimiliki yote ni ya tatu. Ninyi mnalipa ya kwanza, tena nusu, na kuondoka na zote.

Na tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa Novemba 2022 wamepata fimbo mpya. Unakabidhi kazi, mteja anaipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi ya akili mnemba, inamwambia asilimia kadhaa “si ya binadamu”, basi halipi. Lakini kazi anaichukua! Kama umeikataa, mbona umeichapisha? OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa chombo cha namna hiyo mwanzoni mwa 2023 na kukiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vyombo kadhaa kwa insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitiwa alama kwamba zimeandikwa na mashine. Sisi tunaowaandikia watu kwa Kiingereza tulichokisoma darasani ndio tunaopigwa hapo, kwa sababu tunaandika kwa kunyooka na kuchagua maneno ya kawaida. Nina rekodi za mahojiano, nina rasimu za kila hatua na mabadiliko yake yote. Mteja hataki kuziona. Anachotaka ni ile namba nyekundu, imwokolee pesa.

Kuhusu tovuti za kuunganisha wateja na waandishi sina mengi. Fiverr inakata 20% ya malipo ya mwandishi na imeliandika hilo wazi. Ni nyingi, inauma, ila unajua kabla hujaingia, na mteja anaweka pesa kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana mteja mjanja atakuomba haraka mtoke huko “mkapatane pembeni, usikatwe bure”. Anakuhurumia makato ili baadaye akukate yote.

Wapo pia wauza kozi. “Acha ajira, andikia watu vitabu, jilipe mwenyewe.” Wanakupigia hesabu ya maneno kwa siku mara bei ya neno mara siku za mwezi, mwezi mzima bila siku ya kutafuta mteja, bila siku ya kudai, bila siku ya kuumwa. Hawa nitawarudia siku nyingine wakiwa na uzi wao.

Najua kuna mtu tayari anaandika: “Si ungekataa kifungu hicho kwenye mkataba?” Mkuu, nakikataa. Kila mara napendekeza kingine. Na mteja anaenda kwa mwandishi wa pili, ambaye anasaini kila kitu bila kusoma na kushusha bei juu yake. Kwa hiyo ninyi wenzangu nanyi nina neno nanyi. Mnaposaini “mali ya mteja tangu inapoandikwa”, mnatufungia mlango sisi wote, na kesho mtakuja hapa hapa kulia.

Kwingine wameshaona kwamba huyu mtu wa kujitegemea hawezi kupambana peke yake. Jiji la New York lina sheria iliyoanza kutumika Mei 2017: kazi ya kuanzia dola 800 lazima iwe na mkataba wa maandishi, na pasipotajwa tarehe ya kulipa, malipo yatoke ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Mwaka 2024 jimbo zima likafuata. Uingereza, kwa sheria yao ya 1998, biashara inayochelewesha malipo ya biashara nyingine inaweza kudaiwa riba ya 8% juu ya kiwango cha benki kuu yao. Na huko nako watu bado wanadhulumiwa, sidanganyiki. Tofauti ni kwamba mdai ana pa kushika.

Kwa sasa ninachotuma mimi ni hiki, mwenye kutaka achukue: hakimiliki itahamia kwa mteja siku malipo ya mwisho yatakapopokelewa, si kabla. Wajibu wa usiri unasitishwa pale deni linapopita tarehe yake, kwa kiasi kinachohitajika kulidai. Mradi ukisimamishwa, kilichokwisha kuandikwa kinalipwa chote au hakitumiki hata sentensi moja. Marekebisho ni mizunguko miwili, wa tatu una bei. Matokeo ya programu ya kutambua akili mnemba si sababu ya kutolipa ikiwa rasimu na rekodi zipo.

Mteja wa kwanza kuyasoma masharti hayo alinijibu kwamba inaonekana siwaamini watu, na kwamba atatafuta mwandishi mwingine. Kitabu anachotaka kuandikiwa kinahusu uaminifu katika biashara.