Tupeane uzoefu: mliopona mshtuko wa moyo, mnajitunzaje kila siku?

Wakuu, nianze mimi. Huu ni mwaka wa pili tangu nipatwe na mshtuko wa moyo na kuwekewa stenti, kile kibomba kidogo cha wavu kinachoweka mshipa wa moyo wazi. Mwezi wa nne baada ya hapo nilijiona mzima, nikaacha ile dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, nikabaki na aspirini tu. Daktari alipojua alisikitika sana. Alinieleza kwamba stenti ni kitu kigeni ndani ya mshipa, na kabla ukuta wa mshipa haujaifunika vizuri, damu huweza kuganda juu yake na kuiziba ghafla. Ndiyo maana wengi wetu huandikiwa dawa mbili kwa takriban miezi 12, kisha moja ikaendelea. Kumbe ule uzima ulikuwa kazi ya dawa! Sasa vidonge vyangu vinakaa kwenye kikasha cha vyumba 7, kando ya mswaki. Wenzangu je?

Mchangiaji 1: Pole sana mkuu. Kwangu mtihani ulikuwa chumvi. WHO wanataka isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya kopo. Wiki za mwanzo chakula hakikupita kooni. Ulimi ulizoea taratibu.

Mchangiaji 2: Mimi ni hofu, na naona hatuisemi. Nilikuwa naogopa hata ngazi. Nikaanza kutembea dakika 5, nikaongeza kidogo kidogo hadi 30. Kipimo changu: niweze kuongea huku natembea. Usiku nilikuwa nalia bila sababu, hadi nikamwambia daktari. Huzuni baada ya mshtuko huwapata wengi, jamani, na inatibika. Msinyamaze.

Mchangiaji 3: Mgongo uliniuma nikaenda kununua diklofenaki. Mfamasia akauliza natumia dawa gani, akanikatalia. Hiyo na ibuprofeni huongeza hatari ya mshtuko, na ukichanganya na dawa zetu unaweza kuvuja damu tumboni. Alinipa parasetamo.

Mwanzisha uzi: Hilo sikulijua, asante sana. Na kile kidonge cha chini ya ulimi, nitroglycerin ya kutuliza maumivu ya kifua, mnakitumiaje?

Mchangiaji 1: Hakitoki mfukoni. Kifua kikibana nakaa chini kwanza ndipo nakiweka chini ya ulimi, maana kidonge hiki kinashusha presha na unaweza kuanguka. Dakika 5 zikipita maumivu yapo, tunaita gari la wagonjwa. Na wanaume wenzangu, msikichanganye kabisa na dawa za nguvu za kiume. Presha inaweza kuporomoka ukapoteza maisha.