Ganzi ya mgongo wakati wa upasuaji: tupeane uzoefu

Mama wa Chumbageni (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, hapa Tanga wapo wajawazito wanaoikataa sindano ya mgongo kwa kuamini kwamba itawaachia maumivu ya kiuno maisha yao yote. Mimi nilijifungua kwa upasuaji kwa ganzi hiyo. Miguu ilipata joto, kisha ikawa mizito hata nikashindwa kuinua kidole, lakini akili ilikuwa timamu na nilimsikia mwanangu akilia. Kabla ya hapo presha ilishuka ghafla nikaona kizunguzungu, na mtaalamu wa usingizi, ambaye hakubanduka kichwani pangu, akaongeza dripu na kunichoma dawa ya kuipandisha. Nanyi tuelezeni yaliyowafika.

Mzee wa Makorora
Nilifanyiwa upasuaji wa busha, maradhi tunayoyafahamu vyema watu wa pwani. Kwa kuwa nina pumu, daktari alipendelea ganzi ya mgongo kuliko nusukaputi, ili nisiingizwe mpira wa kupumulia kooni. Mkojo uligoma, nikawekewa mpira hadi usiku. Kubwa zaidi kwangu ni swali nililoulizwa mapema, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu damu ikivujia karibu na uti wa mgongo yaweza kuubana hata mtu akapooza. Ni wachache mno wanaofikwa na hilo, lakini anayeficha dawa zake, zikiwemo za mitishamba, anajiongezea hatari.

Dada wa Pangani
Siku ya pili kichwa kiliniuma mno. Nikikaa kinapasuka, nikilala kinatulia. Wifi yangu alidhani ni baridi. Hospitali walinieleza kwamba maji yanayouzunguka uti wa mgongo huvuja kupitia tundu la sindano, na ndiyo maana siku hizi hutumika sindano nyembamba sana. Daktari Mjerumani August Bier, aliyeianzisha ganzi hii mwaka 1898, naye aliumwa vivyo hivyo baada ya kujaribiwa mwenyewe. Mimi nilipona kwa mapumziko, maji mengi na dawa za maumivu. Wasiopona huchomwa mgongoni damu yao wenyewe ili izibe tundu.

Mama wa Chumbageni
Ahsanteni sana. Kuhusu kiuno, mkunga alinifahamisha kwamba pale palipochomwa huuma siku chache tu, na kwamba tafiti hazijaonyesha kuwa sindano hiyo huleta maumivu ya kudumu. Mimba yenyewe huuchosha mgongo. Ila homa, shingo kukakamaa au miguu kutorudiwa na nguvu ganzi inapokwisha ni mambo ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Aliyewahi kupigwa ganzi ya mkono au bega naye atueleze.