Watoto wanafunga shule Agosti na pesa ya chakula ni ile ile

MamaNeema_Umoja

Habari zenu wazazi. Naomba ushauri wa watu wanaoshika mwiko, si wa watu wanaopiga hesabu za watu wengine.

Niko Umoja, Nairobi. Nyumbani tuko sita: mimi, mzee, watoto watatu, na mpwa wa mzee anayesoma chuo. Mzee anafanya kibarua Industrial Area na analipwa kila Jumamosi. Mimi nashona, hela yangu huja ikijisikia. Jumamosi jioni mzee ananipa 4,000 ya chakula, na hiyo ndiyo hiyo mpaka Jumamosi nyingine.

Siku za shule tunasukuma. Wale wawili wadogo wako shule ya msingi ya umma na mchana wanakula Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni. Wanagusisha bangili ya kulipia, shilingi tano zinakatwa, yamekwisha. Shida ni likizo. Hapo wanaongezeka kwenye sufuria yangu ya mchana kila siku, na mnajua mtoto aliyeshinda akicheza mpira anavyokula. Likizo ya Aprili, kila Alhamisi ilikuwa inanikuta nadaiwa dukani na kwa mama mboga, na Jumamosi pesa ikiingia, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imeshajikatia.

Sasa Agosti hiyo, na vitu vimepanda. Pakiti ya unga ya kilo mbili haimalizi siku mbili. Mafuta nanunua ya kupima, ya 30, kila jioni. Sukari ya 20. Maziwa pakiti mbili, mkate, sukuma ya 50. Nyanya ndiyo siisemi: moja shilingi kumi, na ni ndogo kama ndimu. Nyama ni nusu kilo Jumapili, na hiyo siigusi kwa sababu mzee huitaja kuanzia Jumatano.

Nikate wapi bila watoto kulala njaa? Na tafadhali asiniambie mtu nipande sukuma kwa gunia. Niko orofa ya nne na mwenye nyumba hataki kuona hata ua.

Karis_Donholm

Mama Neema, jibu ni moja: acha kununua mtaani. Mboga ni soko la Marikiti alfajiri, nafaka ni maduka ya Nyamakima. Nunua gunia la mahindi la kilo 90, usagishe mwenyewe. Mafuta chukua mtungi wa lita ishirini. Mchele tafuta mtu wa Mwea akuletee. Mimi hufanya ununuzi mara moja kwa mwezi na sijui bei ya kibandani ni ngapi.

MamaNeema_Umoja

Kaka Karis, asante, lakini gunia nitalinunua na nini? Nimesema tunalipwa kwa wiki. Na hata nikilipata, mahali pa kuliweka ni pale mpwa anapolala.

ShoshoWaKibanda

Mama Neema, mimi nina kibanda Kayole, na Marikiti nafika kabla ya jua siku zote isipokuwa Jumapili. Karis anasema kweli, ila anaongea na mtu wa mshahara.

Nitakwambia jambo ambalo mwenye biashara hapaswi kulisema. Wateja wanaonilipia kodi si wale wa kapu kubwa, ni wale wanaonijia kila jioni na ishirini, thelathini. Kadogo, huko kununua kidogo kidogo kwa kupima, ndiyo inayokumaliza kuliko unga. Ukitaka kuhakikisha, leo jioni chukua chupa tupu ya soda ya mililita 300, mimina yale mafuta ya 30 ndani, uone yamefika wapi. Zidisha mpaka ifike lita. Kesho ukipita supamaketi tazama bei ya lita, halafu ukae chini kwanza. Sukari nayo ipime kwa mizani ya duka usikie.

Lakini huwezi kuiacha kadogo yote kwa mpigo na 4,000. Kwa hivyo kila Jumamosi toa kitu kimoja tu. Jumamosi hii nunua mafuta ya lita tatu, vingine vyote endelea kama kawaida, na wiki hiyo nyama mzee ataisamehe. Jumamosi ya pili mafuta hununui tena, ile pesa ya 30 za kila siku inunue maharagwe. Ya tatu, sukari. Mpaka shule zifungwe utakuwa na vitu vitatu ndani ambavyo havikuamshi jioni na sarafu mkononi. Usianze na unga kwa sababu unga unaisha haraka na utakukatisha tamaa.

Halafu pika kwa mwezi ulivyo. Agosti si mwezi mbaya. Maharagwe mapya yanakuwa yameanza kuingia sokoni, viazi vya Kinangop vinachimbwa, na avokado bado zipo. Omena hivi sasa ni ghali kwa sababu uvuvi wake ziwani hufungwa Aprili hadi Julai. Likifunguliwa, subiri kidogo utaona vipimo vinajaa. Nyanya ndizo uachane nazo kabisa. Hii baridi ya Julai inazichelewesha kuiva shambani, kreti zinazofika ni chache na tunazigombania. Pale ulipokuwa unatia tatu tia moja, ukune karoti kwenye kitunguu kabla ya kuweka maji, mchuzi utashika rangi na uzito. Wangu wamekula hivyo miaka na hakuna aliyeuliza.

Na watu wakikuuliza kwa nini sukuma imepanda ghafla, waambie watazame tarehe 14, siku EPRA, wale wasimamizi wa nishati, wanayotangaza bei ya petroli na dizeli. Tangu VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ya gari itoke asilimia 8 ikawa 16 mwaka 2023, mwenye lori hasikii tena habari ya undugu. Mimi siku hiyo nanunua viazi mapema.

Tukirudi kwa mchana wa watoto: githeri. Nusu gorogoro (kile kipimo cha mkebe wa kilo mbili) ya mahindi makavu, robo ya maharagwe, loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha. Hiyo ni mchana wa siku mbili kwa watatu na wataacha. Siku ya kwanza wape na avokado, ya pili ikaange na kitunguu na viazi. Kama huna friji, ichemshe tena kila usiku kabla hujalala. Maziwa nayo nunua kwenye ATM ya maziwa, na hata wakikwambia yameshapikwa, wewe yachemshe.

MutuaWaMakueni

Nakubaliana na Shosho, ila kuna jambo moja kuhusu mahindi ya kupima. Ya bei rahisi sana yana sababu. Mimi natoka Makueni, na 2004 watu 125 walikufa huku Ukambani kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Na anayejiliwaza kwamba ya pakiti ni salama akumbuke Novemba 2019, KEBS, wale wa viwango vya ubora, walisimamisha chapa tano za unga kwa sumu hiyo hiyo.

Halafu unga wa poshomili, wangu waliukataa. Walisema ugali una mchanga. Mnawalishaje?

ShoshoWaKibanda

Mutua, umesema vizuri. Jaribio la bure ni hili: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo, tia kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikibaki imeng'ang'ania kwenye kioo, mahindi hayo yana maji, mrudishie mwenyewe. Yakiwa na kijani au weusi kwenye kiini, au yamevunjikavunjika, usijaribu lolote, ondoka. Na nunua kwa mtu mmoja. Anayejua utarudi kesho hakupimii ya chini ya gunia.

Kuhusu mchanga, huo ni pumba. Changanya nusu kwa nusu na wa pakiti, mwiko hautajua. Wiki ya tatu wa pakiti unakuwa kidogo tu. Ila usisagishe wa mwezi mzima. Kiini hakijatolewa, kina mafuta yake, na unga ukikaa sana unakuwa mchungu. Wa wiki mbili unatosha. Faida yake utaiona jioni: ugali wa unga ule unakaa tumboni, wa namba moja, ule mweupe uliokobolewa, watoto wanarudi jikoni saa tatu.

Karis_Donholm

Shosho unanikosesha usingizi, nimepima mafuta ya kupima ya jirani yangu kwa chupa ya soda. Wananchi wanaibiwa.

ShoshoWaKibanda

Hawaibiwi, Karis. Wananunua walichonacho mfukoni. Mtu mwenye thelathini huwezi kumuuzia lita.

MamaNeema_Umoja

Shosho, Mungu akuzidishie. Naanza na mafuta Jumamosi hii, mzee nimeshamwambia habari ya nyama na amenuna, lakini atazoea. Maswali mawili. Maharagwe yatamaliza gesi yangu, mtungi wangu ni ule wa kilo sita. Na la pili, mafuta ya kupima yana uzuri wake: yakiisha yameisha. Nikiweka lita tatu jikoni, huyu mpwa anajikaangia usiku sisi tumelala.

ShoshoWaKibanda

Gesi: tafuta kapu kubwa au katoni, tandika blanketi kuukuu chini na pembeni mpaka ibaki nafasi ya sufuria. Maharagwe yaliyolala majini yachemke kwelikweli dakika ishirini motoni, si kutokota, hasa haya mekundu. Toa sufuria ikiwa imefunikwa, iingize kapuni, ijaze mto juu, na uende ukashone. Saa nne au tano baadaye yameiva, au yamebakisha kidogo tu ya kumalizia. Usichungulie katikati, ukifunua umetoa joto lote.

Mafuta: ile chupa ya mililita 300 usiitupe. Ijaze Jumamosi na Jumatano, hiyo ndiyo ya jikoni. Mtungi wenyewe unalala chumbani kwenu. Na mpwa akitaka kukaanga usiku, aje na mafuta yake na mayai yake, ni mtu wa chuo.