Naomba ushauri: Polisi wamebeba kompyuta ya library yangu ya muvi, Jumatatu naripoti kituoni

Mwenye Flashi
Wakuu, habari za jioni. Nina library ndogo ya muvi, nawawekea watu kwenye flashi na simu. Singo mia tano, sizoni inategemea ukubwa. Ndiyo inayonilisha mimi na familia. Mkoa naomba nisiutaje, ni huku Nyanda za Juu Kusini kwenye baridi.

Wiki hii wamekuja askari wawili waliovaa kiraia, wako na mjumbe. Wamebeba CPU, flashi zote za mezani na simu yangu. Nikalala ndani, kesho yake nikatoka kwa dhamana, Jumatatu natakiwa kuripoti. Swali langu ni dogo tu: hivi kweli kuna sheria ya kumfunga mtu kwa kuweka muvi? Mtaa mzima tunafanya hii kazi, kwa nini nichukuliwe mimi peke yangu? Sili, silali. Msinitukane, nina mawazo mengi.

Mla Mbivu
Nimekaa paleee.

Ngosha wa Mjini
Pole mkuu. CPU wamebeba, simu wamebeba. Hapa unaandikia nini?

Mwenye Flashi
Simu ya wife.

Mama Rhoda
Pole mwanangu. Baba Rhoda alikuwa na kibanda umiza, anaonyesha mpira kwa dekoda ya nyumbani. Nikamwambia baba Rhoda, hiki kifurushi ni cha sebuleni, siyo cha watu themanini kwenye mabenchi. Akaniambia wewe mwanamke unajua nini kuhusu mpira. Walivyokuja wakaondoka na dekoda, tivii na spika ambayo hata haikuwa yetu, tuliazima kwa watu wa kwaya. Mpaka leo kwaya hawanisalimii. Mwambie mkeo ukweli wote, ndiyo ushauri wangu.

Wakili wa Kijiweni
Mleta mada, sheria ipo, na ina umri wa kutosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao, namba 14 ya 2015, imeanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Kifungu cha 24 kinahusu kutumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu. Ukifanya bila biashara, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Ukifanya kibiashara, haipungui milioni 20 au miaka 5, au vyote, na fidia ya mwenye kazi juu yake. Hiyo mia tano yako ndiyo inayokutoa kundi la kwanza na kukuingiza la pili.

Soma vizuri neno "isiyopungua". Hakimu akishakutia hatiani mkono wake umefungwa kwa chini, siyo kwa juu.

Nijibu hili: walivyobeba vitu walikuandikia orodha ya vilivyochukuliwa, ukasaini wewe na mashahidi?

Mwenye Flashi
Nilisaini karatasi. Sikuisoma, nilikuwa natetemeka.

Mzalendo wa Sanaa
Mimi sikuonei huruma hata kidogo. Kanumba, mwigizaji wetu, amefariki 2012, mpaka leo kazi zake zinazunguka kwenye flashi zenu, na familia ya msanii haipati hata ya vocha. Mwaka 2013 ikaletwa stempu ya kodi ya TRA kwenye CD, tukashangilia kwamba wizi umekwisha. Mkahamia kwenye flashi, na flashi haibandikwi stempu. Mnaua tasnia halafu mnakuja kusema mna watoto. Msanii naye ana watoto.

Dundo
@Mzalendo wa Sanaa, kwenye simu yako hakuna hata nyimbo moja uliyotumiwa kwa WhatsApp? Jibu hapa mbele ya watu.

Mtu wa Pwani, Mombasa
Kwetu Kenya sheria kama hiyo Uhuru aliisaini tarehe 16 Mei 2018. Mwezi haujaisha, Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26. Ndugu yangu, usikubali unyonge, ipelekeni sheria yenyewe mahakamani.

Wakili wa Kijiweni
Na hivyo vifungu 26 vikarudi 2020. Huku kwetu wakili Jebra Kambole alishaipinga ya Tanzania Mahakama Kuu, hukumu ikatoka 2016, sehemu kubwa ya vifungu ikabaki palepale. Huyu kijana anaripoti Jumatatu, hana muda wa kesi ya Katiba.

Afande Mstaafu
Nimefanya kazi ya upelelezi kabla sijarudi kijijini kulima parachichi. Nasema hivi: askari wa makosa ya mtandao hatoki ofisini akapita library zote za mtaa kwa ajili ya muvi za mia tano, akachagua moja. Kuna mlalamikaji, na ana jina. Kijana, nani kakushtaki?

Mwenye Flashi
Mimi nimeuliza kuhusu sheria, mambo ya nani kashtaki tuyaache.

Afande Mstaafu
Basi na sisi tuyaache, tukalale.

Mla Mbivu
Afande usiondoke, ndiyo kwanza nimevuta kiti.

Mwenye Flashi
Sawa. Zamani kidogo nilifanya kazi kwa kampuni moja ya hapahapa nchini, wana programu ya simu ya kuuza filamu za Kibongo. Kazi yangu ilikuwa kupandisha filamu kwenye mfumo. Mishahara ikawa haitoki, nikaondoka nawadai. Paswedi yangu hawakuifunga. Basi nikawa naingia mara mojamoja, nachukua kazi mpya kabla haijatoka rasmi. Library yangu ikawa ndiyo ya kwanza mjini kuwa na mzigo.

Lakini sijahack kitu. Paswedi walinipa wao wenyewe. Na wananidai nini wakati mimi ndiye ninayewadai? Nilikuwa najilipa.

Dundo
Kumbe! Hapo mwanzo ilikuwa "kuweka muvi", sasa tumefika kwenye kuingia stoo ya watu usiku.

Wakili wa Kijiweni
Hapo umebadilisha kesi yote. Kifungu cha 4 hakiulizi kama ulivunja mlango au ulikuwa na funguo, kinauliza kama ulikuwa na ruhusa. Ruhusa yako ilikwisha siku ulipoacha kazi. Faini haipungui milioni 3 au mara tatu ya faida uliyoipata, kipi ni kikubwa, au jela isiyopungua mwaka mmoja, au vyote. Hicho kinakaa pembeni ya kile cha 24, siyo badala yake.

Mshahara unaodai, peleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Na hata huko wana muda wao wa kupokea malalamiko, naogopa umeshakupita.

Bongo Hamburg
Niko Ujerumani. Huku ukishusha muvi kwa torrent kwa intaneti ya nyumbani, polisi hata hawaji. Inakuja barua ya wakili inaitwa Abmahnung, imeandikwa jina la filamu, saa na dakika, lipa mamia ya euro na usaini kwamba hutarudia. Mwenzangu wa chumba alishusha sizoni moja, barua ikaja kwa jina langu kwa sababu laini ya intaneti ni yangu. Tuligombana mpaka akahama na sufuria langu. Ila hiyo ya kuingia mfumo wa kampuni, huku pia ni jinai. Tafuta wakili.

Mwenye Flashi
Sasa wakuu, nina eksteno moja, diski ya nje ya kuhifadhia, hawakuikuta, ipo kwa dada. Ndiyo yenye mzigo wote wa kule kwenye mfumo. Nimeamua naisafisha kabisa, halafu naenda Tunduma kwa shemeji nipoe kidogo mpaka mambo yatulie. Msiniambie ni vibaya, hata nyie mngefanya hivyo. Wasipokuta kitu watanishtaki kwa lipi?

Wakili wa Kijiweni
Kwa kifungu cha 22. Kufuta, kuficha au kuharibu data kwa nia ya kukwamisha upelelezi ni kosa linalojitegemea: faini isiyopungua milioni 3 au jela isiyopungua mwaka. Kifungu hichohicho, sehemu ya pili, ndicho Mahakama ya Kisutu ilichomtia nacho hatiani Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, Aprili 2020, na yeye wala hakufuta kitu, aliambiwa amekataa kutoa taarifa. Halafu huko kwenye mfumo unadhani hakuna kumbukumbu za nani kaingia na saa ngapi? Unachoma karatasi yako wakati nakala iko kwa mlalamikaji.

Tunduma ndiyo mbaya zaidi. Usiporipoti, dhamana inakufa na mdhamini wako anaanza kutafutwa. Ni nani aliyekudhamini?

Mwenye Flashi
Dada.

Mama Rhoda
Yesu wangu. Eksteno kwa dada, dhamana dada.

Ngosha wa Mjini
Samahani wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Tena ya tangawizi. Angalieni: kifungu cha 4 kipo, cha 22 kipo, cha 24 kipo, vyote ndani ya kijana mmoja, na kila Wakili akimaliza kifungu, mleta mada anakuja na tukio linalodai kifungu kinachofuata. Hili ni swali la mtihani wa sheria. "Juma, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni X... mshauri Juma." Mwanachuo katuletea kazi yake ya nyumbani.

Dundo
😂😂 Na ID yake ina wiki moja. Kijana, majibu tumekupa, maksi tugawane.

Mla Mbivu
Chai bila vitafunwa hainyweki. Leta picha ya hiyo karatasi uliyosaini.

Mzalendo wa Sanaa
Nilijua. Hakuna mwizi wa muvi anayeandika kwa nukta na mkato hivi.

Mwanachuo Mkongwe
Kama ni kazi ya darasani basi mmesahau kifungu cha 5, kubaki kwenye mfumo bila ruhusa. Mhadhiri wetu alikuwa anakipenda sana.

Afande Mstaafu
Inaweza kuwa chai. Lakini nimesikia watu wa kweli wakisema maneno hayohayo, "nilikuwa najilipa", tena kwa sauti hiyohiyo. Mimi najibu kama ni kweli. Kijana, Jumatatu nenda, usitoe maelezo ya maandishi bila wakili kando yako. Mawakili wa TLS, chama cha wanasheria, wapo kila kanda, na huduma ya msaada wa kisheria ipo kwa asiye na uwezo.

Mwenye Flashi
Semeni chai, semeni mtihani, sawa. Ningekuwa chuo nisingekuwa nauza muvi mia tano. Picha siweki, ina jina langu na la mjumbe. Wakili, nimekutumia ujumbe pembeni, naomba ufungue.

Wakili wa Kijiweni
Nimeuona, nitakuunganisha na mtu wa huko kwenu. Ila hiyo eksteno isiguswe na mtu, wala usiichomeke popote. Iache ilivyo mpaka uongee naye.

Mwenye Flashi
Nilishaichomeka kwenye tivii ya dada leo mchana. Sijafuta, nilikuwa naangalia tu zimo ngapi.

Mla Mbivu
Zimo ngapi?