Kilo zimeshuka lakini tumbo limegoma: waliopitia, tupeane uzoefu

Bint Kibokoni:
Assalam aleikum wana Mombasa na wengine wote. Leo nimeenda kwa fundi Makadara anipunguzie madera, akapima kifua mashallah, akapima mikono mashallah, kufika chini ya kitovu akanyamaza akaurudia utepe tena. Jamani mie nimetoka kilo 109 mpaka 71. Wali wa nazi nshauaga, mahamri nshayaaga, ufuoni Mama Ngina natembea alfajiri mpaka wauza mihogo wananisalimia kwa jina, lakini hili tumbo la chini halitoki, nikikaa lajikunja, na hapa mgongoni penye kamba ya sidiria pana minofu miwili haitaki kusikia la mtu. Waliopitia haya mlifanyaje? Na msinambie nipunguze wanga, huo wanga siku hizi nauona kwa majirani tu.

Mzee wa Tudor:
Mie hapa. Kitambi kimeisha, kimebaki kifuko. Nafuatilia.

Shangazi Zamu:
Tangawizi, mdalasini na ndimu, chemsha unywe kabla hujatia kitu tumboni. Usiku jipake mafuta ya nazi ujifunge leso ulale. Mie nilipozaa mamangu alinifunga mkaja arubaini nzima na tumbo likarudi. Nyinyi wa sasa kufungwa hamtaki, mwataka jimu.

Omari wa Majengo:
Shangazi kwa heshima zako, wewe ulikuwa mzazi wa miaka ishirini, huyu ametoa karibu kilo arubaini. Hiyo tangawizi ni chai tu, haiyeyushi kitu.

Shangazi Zamu:
Wewe umezaa wangapi?

Omari wa Majengo:
Haya yaishe.

Nesi wa Kisauni:
Bint, jifungie chumbani, inama mbele kidogo, hiyo nyama ishike kwa vidole viwili. Ikiwa nyembamba, yavutika na haina kitu ndani, hiyo ni ngozi, na ngozi iliyotanuka miaka mingi hairudi yote hata ukimbie mpaka Mtwapa. Ikiwa nene imejaa vidoleni, hayo ni mafuta. Wengi wana vyote viwili.
Na mafuta mjue, ukikonda seli zake zanywea tu, hazendi popote. Kuna utafiti wa Uswidi wa 2008 ulionyesha mtu mzima idadi ya seli hizo hubaki karibu ile ile hata akipungua, kila mwaka kama asilimia 10 zafa na nyingine zazaliwa kushika nafasi. Sasa za mapajani na chini ya kitovu, hasa kwetu wanawake, zina breki nyingi kuliko eksileta, mwili huyatoa mafuta ya hapo mwisho kabisa. Na huwezi kuuchagulia uanzie wapi. Tena ukishakonda homoni ya shibe, inaitwa leptini, yashuka, ndo ile njaa ya saa nne usiku isokuwa na haya.

Juma Sitapu:
Kwa hiyo sitapu zangu zote hizi ni bure?

Nesi wa Kisauni:
Misuli unayo kakangu. Haijaonekana tu.

Abiria wa Likoni:
Ngojeni niwape yangu maana mmenikumbusha mambo. Nlikuwa nshapungua vizuri, tumbo ndo limebaki, kukawa na harusi ya binamu yangu Likoni, kupamba usiku, na mie nshashonewa gauni la kubana la rangi ya zabarajadi. Kuna dada auza koseti mtandaoni, akanambia ukitaka iingie sawasawa kwanza jizungushe ile nailoni ya kufunikia chakula utoke jasho, mpaka usiku tumbo hulioni. Basi nkajizungusha toka chini ya kifua mpaka nyongani, juu koseti ya ndoano safu tatu, ndugu yangu akanikanyaga mgongo kwa goti ndo zikafunga, juu gauni, juu buibui. Na huo ni mwezi wa tatu mnajua joto lake, saa tisa, foleni ya feri imejaa mpaka juu kule, kushoto kwangu mkokoteni wa machungwa, kulia kijana na kuku, masikio yaanza kulia nyiii nkasema ni honi. Tumeingia feri tu nkasikia miguu si yangu tena.
Kufungua macho nko chini, kichwa changu mapajani kwa mama nisiyemjua, wanawake wametandaza leso wamenizingira, mmoja apiga ukelele ana uchungu huyu ana uchungu, wanaume geukeni, mwengine aniuliza mimba ya miezi mingapi, nami pumzi haitoki nitamjibu vipi? Akatokea mama mtu mzima na mkasi wa cherehani kwenye mkoba, buibui akafungua, gauni akapasua krrr mpaka chini, akakutana na koseti, akafungua ndoano moja moja, akakutana na nailoni. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Huyu hazai. Huyu amefungwa."
Wallahi tumefika ng'ambo watu wangali wanacheka na yule mama ananipepea huku anantukana. Ubavuni nlikuwa na michoro myekundu wiki nzima. Harusini nlienda na dera la kuazima.

Mzee wa Tudor:
"Huyu amefungwa." Nimecheka mpaka mjukuu ameamka.

Mwanaisha M:
Nailoni kiasi gani dadangu?

Abiria wa Likoni:
Roli nzima.

Juma Sitapu:
Na gauni lilipona?

Abiria wa Likoni:
Usinikumbushe pesa yangu.

Omari wa Majengo:
Na tumbo liliingia?

Nesi wa Kisauni:
Liingie wapi, hilo jasho ni maji, ukinywa glasi mbili yamerudi. Mshukuru Mungu hakufa kwa joto.

Bint Kibokoni:
Jamani mada yangu imepandishwa feri.

Kaka wa Changamwe:
Turudi kwa mada basi. Mie nlishuka kwa fujo, maji ya ndimu na kipande cha samaki wa kuchoma, mizani nawaonyesha watu kwa simu barazani. Usiku mmoja nkashikwa chini ya mbavu za kulia nkajua ndo nakufa. Kupigwa picha, mawe kwenye nyongo. Daktari swali lake la kwanza ni nimepungua kwa muda gani, akasema kukonda kwa kasi sana kwaongeza hatari ya hayo mawe. Nyongo imetolewa, kifuko cha tumbo hakikutolewa.

Nyali Beibi:
Mwajitesa bure. Siku hizi wanagandisha mafuta kwa mashine, hakuna kisu, hakuna kulala hospitali.

Nesi wa Kisauni:
Hiyo ni ya kijifuko kidogo kwa mtu ambaye ngozi yake bado yabana, huyu aliyepungua kilo 38 itamfaa kidogo tu. Na kuna wachache mafuta yao badala ya kupungua hukua na kuwa magumu pale pale palipogandishwa. Linda Evangelista, yule mwanamitindo wa Kanada, 2021 alitoka hadharani akasema ndo yaliyomkuta.

Nyali Beibi:
Huyo ni mmoja.

Nesi wa Kisauni:
Na alikuwa na pesa za mawakili. Wewe unazo?

Nyali Beibi:
Mambo ya pesa zangu umeyajulia wapi wewe?

Mwanaisha M:
Na zile sindano za kuyeyusha tumbo zauzwa kwa WhatsApp?

Nesi wa Kisauni:
Usithubutu. Dawa ya kweli ya aina hiyo Marekani iliidhinishwa 2015 kwa nyama za chini ya kidevu peke yake. Hiyo ya WhatsApp hujui ndani mna nini.

Mwana wa Old Town:
Yangu tofauti kidogo. Juu nimekonda mpaka mifupa ya shingo yaonekana, miguu iko vile vile. Nyama imeteremka mpaka kifundoni ikakatika ghafla, wayo mwembamba. Ukinigusa kidogo naota alama, na jioni yauma. Nyumbani nimeambiwa nala kwa siri usiku.

Nesi wa Kisauni:
Mamangu, hiyo miguu yote miwili iko sawa? Na nyayo hazivimbi? Mwambie daktari akuangalie lipidima, maradhi ya mafuta kujaa miguuni. Huwapata sana wanawake, na hayo mafuta hayasikii daieti. Huli kwa siri, waambie hivyo.

Mwana wa Old Town:
Miaka yote hii hakuna alonambia. Ahsante.

Mama Wawili Bamburi:
Mie nimekatwa ngozi ya tumbo hospitali, niulizeni. Daktari mwanzo alikataa, ati kilo zitulie kwanza miezi kadhaa, na kama nataka mtoto wa tatu nizae kabisa. Nkamwambia hawa wawili wanatosha. Kovu langu latoka nyonga hii mpaka hii, chini penye chupi, siku za kwanza natembea nimeinama na mirija ya maji yaning'inia, kucheka siwezi, kupiga chafya ndo kabisa. Lakini michirizi ya mimba zote mbili chini ya kitovu imekwenda na ile ngozi. Ila msidanganyike, hawakatii mtu uzito, na hata kunyonya mafuta huwa wanajiwekea mpaka wa kama lita 5. Na ukitoka hapo wakufunga mkanda wa kubana wiki kadhaa.

Shangazi Zamu:
Wakufunga nini?

Mama Wawili Bamburi:
Mkanda shangazi.

Shangazi Zamu:
Omari uko wapi? Njoo usome hapa.

Bint Kibokoni:
Sasa mie nishike lipi?

Juma Sitapu:
Nyanyua vyuma, ule mayai.

Mzee wa Tudor:
Shona madera mapana.

Kaka wa Changamwe:
Pumzika kidogo, ule kwa kiasi kilo zitulie, ndo uamue. Usikimbilie ndimu.

Mwanaisha M:
Zima taa.

Bint Kibokoni:
Mwanaisha ushindwe! Nimejishika pale Nesi aliposema, ni ngozi zaidi. Mafuta yapo lakini si mengi. Ntajaribu vyuma kwanza, visu baadaye. Kuna anayejua jimu ya wanawake watupu upande wa Kisauni au Kongowea?

Mwana wa Old Town:
Mie naijua moja, asubuhi ni wanawake peke yao. Nicheki inbox, na mie nataka mtu wa kwenda naye.