Kwa nini utafiti umemfikia binti yangu ukampita mama yangu?

Mama Neema, Igombe
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nyumbani kwetu tuko wanawake wa vizazi vitatu. Binti yangu wa miaka 11 amekwisha kupata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na mimi nilipokuwa mjamzito nilipimwa presha, damu na mkojo kliniki. Mama yangu, mwenye miaka 52, huamka usiku khanga imelowa jasho, na mwaloni huacha kuanika dagaa ili ajipepee kwa ungo. Zahanati moja ilimwambia ni umri tu. Je, hakuna utafiti unaomfuatilia mwanamke akishaacha kuzaa? Na akialikwa kushiriki, akubali?

Muuguzi mstaafu
Marahaba, mwanangu. Tafiti zipo, ila zilichelewa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kupata mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na mwelekeo huo haukuondolewa hadi 1993. Nia ilikuwa kumlinda mtoto aliye tumboni, lakini mama mwenyewe akabaki hajulikani: dawa ya usingizi iitwayo zolpidem ilitumika miaka mingi kabla ya kipimo cha wanawake kupunguzwa kwa nusu mwaka 2013, kwa kuwa hukaa zaidi katika damu yao.

Kuhusu umri wa mama yako, utafiti mkubwa ulianza Marekani mwaka 1991 ukiwa na wanawake zaidi ya 161,000 wa miaka 50 hadi 79. Mwaka 2002 sehemu ya utafiti huo iliyojaribu vidonge vya homoni mbili ilisimamishwa, kwa sababu waliovimeza walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kuliko wenzao wasiovimeza. Wastani wa umri wao, hata hivyo, ulikuwa kama miaka 63, kwa hiyo majibu yale hayamwelezi sawasawa mwanamke ambaye hedhi imekoma juzi. Asikubali jibu la "ni umri". Apimwe presha, sukari na tezi ya shingo, kisha amuulize daktari wa wanawake juu ya matibabu ya joto na jasho hilo la usiku. Na akipitisha mwaka bila hedhi halafu damu itoke tena, aende hospitali bila kungoja.

Mvuvi wa Sengerema
Naongeza moja linalotuhusu watu wa ziwa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, walinyimwa wajawazito kwa miaka mingi kwa hofu tu, mpaka Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2002 kwamba nao wapewe. Wake zetu waliendelea kuchota maji na kufua huku wakiambiwa wasubiri wajifungue.

Mhojaji wa zamani, Nyamagana
Mama Neema, chanjo ya binti yako ina mkono wa Mwanza. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki hapa katika utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu, na ushahidi wao ni sehemu ya uliowezesha nchi yetu kuhamia dozi moja mwaka 2024. Mama akialikwa, aulize kama utafiti una kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, asomewe fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, hata Kisukuma, na akumbuke kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Nimekaa na akina mama waliotia dole gumba mbele ya shahidi. Waliouliza maswali mengi ndio waliobaki nasi mpaka mwisho.

Mama Neema, Igombe
Ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote akiwa anachambua dagaa. Jumatatu tutakwenda kumwona daktari wa wanawake. Kuhusu utafiti, amesema atakubali kwa sharti moja: wakimaliza, warudi hapa mwaloni wamweleze walichokiona.